Mkono na Uchungu: Historia Fupi ya Kutuliza Maumivu ya Uzazi Bila Dawa

Utangulizi

Historia ya tiba huandikwa mara nyingi kwa majina ya dawa na ya vyombo. Mwaka 1847 hutajwa kwa sababu ya etheri na klorofomu. Mwaka 1928 kwa sababu ya penisilini. Mikono ya wanawake waliokaa nyuma ya mwenzao aliyeshikwa na uchungu, wakimkanda kiuno usiku kucha, haina mwaka wala jina. Hata hivyo, ukitazamwa muda mrefu wa historia ya mwanadamu, mikono hiyo ndiyo iliyosaidia uzazi mwingi kuliko chombo chochote cha hospitali.

Makala haya yanafuatilia historia ya njia za kutuliza uchungu wa uzazi pasipo dawa: kukanda na kuchua, maji ya moto, kupumua kwa utaratibu, kubadili mkao wa mwili, na zaidi ya yote, kuwapo kwa mtu karibu na mzazi. Swali linaloyaongoza ni hili: ilikuwaje ujuzi uliokuwa mikononi mwa wakunga ukadharauliwa, kisha ukasifiwa kwa sababu zisizo za kweli, na mwishowe ukathibitishwa na utafiti, ilhali wanawake wengi wa Kongo wanaukosa pale pale wanapoambiwa waende kujifungulia?

Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba wataalamu wa karne ya 19 na ya 20 walifanya makosa mawili yanayoonekana kupingana. Kosa la kwanza lilikuwa kuuhesabu ujuzi wa wakunga kuwa ushirikina. Kosa la pili lilikuwa kumsifu mwanamke wa Afrika kana kwamba yeye huzaa bila kuumia. Makosa hayo yana tokeo moja: uchungu wa mwanamke huyo haukusikilizwa.

1. Ushahidi wa lugha

Kabla ya kuwasikiliza madaktari, yafaa kuisikiliza lugha yenyewe. Kiswahili hakikuacha shaka yoyote juu ya maumivu ya uzazi. Neno la kawaida ni uchungu, ambalo pia ni jina la ladha ya kitu kichungu. Pwani limekuwapo pia neno utungu, lenye kuelekea hasa maumivu ya kuzaa. Mwanamke hasemwi kuwa «ameanza» uchungu tu, bali «ameshikwa» na uchungu, kama mtu anavyoshikwa na homa. Na methali inayojulikana kila mahali husema: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hiyo hutumiwa kwa maana ya upendo na ya hasara, lakini isingekuwa na nguvu kama msingi wake haungekuwa maumivu ya kweli ya mwili.

Kitendo chenyewe huitwa kujifungua. Kitenzi hicho hutokana na kufunga, na maana yake ni kwamba kilichofungwa kimefunguliwa, na anayekifungua ni mwanamke mwenyewe. Msaidizi wake ni mkunga, na sikioni mwa msemaji wa Kiswahili neno hilo haliko mbali na kunga, yaani mambo ya siri wanayofundishwa wale wanaostahili kuyajua. Kwa upande wa kazi ya mikono, lugha ina vitenzi vingi vinavyotofautisha mambo: kukanda ni kubonyeza na kulegeza kwa nguvu, na pia ni kutuliza sehemu yenye maumivu kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto; kuchua ni kusugua misuli; kusinga ni kupaka mwili mafuta kwa kusugua; kupapasa ni kupitisha mkono taratibu. Lugha haitungi maneno ya namna hiyo kwa jambo lisilotendwa.

Maandishi ya zamani yanathibitisha kwamba watu wa pwani waliyahesabu mambo haya kuwa elimu. Kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya desturi za Waswahili, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa usimamizi wa Carl Velten, huanza na mambo ya mimba na ya uzazi kabla ya kufikia biashara, ndoa, safari na sheria. Mpango huo ni wa maana: kwa mwandishi huyo, maelezo ya maisha ya watu huanzia pale mtu anapoingia duniani, na mlangoni pale amesimama mkunga.

Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo na Katanga katika karne ya 19 kwa njia ya misafara ya biashara, kisha kikaenea mijini pamoja na kazi za migodi na za reli. Kilikuta watu wenye lugha zao na wakunga wao. Hivyo haifai kudhani kwamba desturi moja ilitawala kutoka Zanzibar hadi mto Lualaba. Jambo lililokuwa la pamoja ni hili: uzazi ulikuwa kazi ya wanawake waliojuana, na mzazi hakuachwa peke yake.

2. Dawa ya usingizi na hoja ya rangi

Mnamo Januari 1847, daktari James Young Simpson wa Edinburgh alimpa mwanamke mwenye uchungu etheri. Kabla mwaka ule haujaisha alikuwa ameanza kutumia klorofomu. Baadhi ya watu wa dini na wa tiba walipinga, lakini upinzani ulipungua baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kukubali klorofomu mwaka 1853, alipomzaa Leopold, mtoto wake wa nane. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Freiburg huko Ujerumani, madaktari Krönig na Gauss walieneza mchanganyiko wa mofini na skopolamini. Dawa hiyo haikuondoa maumivu yote. Ilimfanya mwanamke asiyakumbuke. Wanawake wengi wa Ulaya na Marekani waliidai kwa nguvu, hasa mnamo mwaka 1914, na dai lao halikuwa la anasa: walikuwa wakisema kwamba maumivu yao yahesabiwe.

Pamoja na maendeleo hayo ilikuja hoja nyingine. Waandishi wengi wa tiba wa karne ya 19 walifundisha kwamba mwanamke «mstaarabu» ana neva laini, ndiyo maana huumia; na kwamba mwanamke wa Afrika, au wa mataifa ya asili ya Marekani, huzaa upesi kama mnyama wa porini na kurudi shambani. Hoja hiyo haikubaki vitabuni. Katika jimbo la Alabama, kati ya miaka ya 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara nyingi wanawake watumwa bila dawa ya usingizi ili kutafuta tiba ya fistula, jeraha linalotokana na uzazi uliokawia. Majina ya watatu kati yao yanajulikana: Anarcha, Lucy na Betsey.

Ushahidi wa kinyume ulikuwapo kwa yeyote aliyetaka kuuona. Mwaka 1879 daktari Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, katika nchi inayoitwa leo Uganda, mtaalamu wa kienyeji akimpasua mwanamke ili kumtoa mtoto. Felkin alieleza kwamba kabla ya kazi hiyo mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa kidogo, na pombe hiyo hiyo ilitumiwa kuosha mikono na tumbo. Watu wasiojua maumivu wasingekuwa na haja ya kuyapunguza.

Mwaka 1882 daktari George Engelmann wa Marekani alichapisha kitabu kikubwa juu ya uzazi wa mataifa aliyoyaita ya kishenzi. Jina na mawazo ya kitabu ni ya wakati wake, lakini habari alizokusanya zilionyesha jambo asilolitazamia msomaji wa siku zile: karibu kila mahali wanawake walizaa wakiwa wamechuchumaa, wamepiga magoti, wamesimama au wameegemea mwenzao, na karibu kila mahali kulikuwa na mikono iliyokanda mgongo au tumbo. Kwa maneno mengine, wale walioitwa watu wasioumia walikuwa na ufundi mwingi wa kushughulikia maumivu.

3. Woga, Pavlov na hospitali ya wafua vyuma

Katika karne ya 20 baadhi ya madaktari wa Ulaya walianza kutafuta njia ya kupunguza uchungu pasipo kumlaza mwanamke usingizi. Wa kwanza kujulikana sana ni Mwingereza Grantly Dick-Read, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza juu ya uzazi wa asili mwaka 1933, na kingine kilichosomwa zaidi mwaka 1942. Nadharia yake ni nyepesi kueleza: woga hukaza misuli, misuli iliyokazwa huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha woga. Mwanamke akifundishwa kinachotokea mwilini mwake, akafundishwa kupumua na kujilegeza, mzunguko huo hukatika.

Sehemu hiyo ya mafundisho yake imedumu. Lakini Dick-Read aliijenga juu ya sanamu ya mwanamke wa «asili» anayezaa kwa urahisi kwa kuwa ustaarabu haujamtia woga, na sanamu hiyo aliitafuta Afrika. Alihamia Afrika Kusini mwaka 1948 na baadaye akasafiri barani akichunguza uzazi. Hivyo kosa la kale lilibadilika sura. Zamani mwanamke wa Afrika alidharauliwa kwa kuwa eti haumii. Sasa alisifiwa kwa sababu ile ile. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu siku mbili katika kijiji kisicho na daktari, sifa hiyo haikuwa na faida kuliko dharau.

Njia ya pili ilitoka Urusi ya Kisovieti. Huko Kharkiv, mji wa Ukraine, I. Z. Velvovsky na wenzake walitumia mafundisho ya Pavlov kueleza kwamba sehemu kubwa ya maumivu ya uzazi ni jambo ambalo ubongo umezoezwa kulitazamia, na kwamba mazoea hayo yanaweza kubadilishwa kwa mafundisho. Walitoa maelezo yao mwaka 1949, na mwaka 1951 serikali iliamuru njia hiyo itumiwe nchini kote. Mwaka huo huo daktari Mfaransa Fernand Lamaze alizuru Leningrad, akamwona mwanamke akijifungua kwa utulivu bila dawa. Alirudi Paris, na tangu mwaka 1952 alianza kufundisha njia hiyo katika hospitali ya uzazi ya Bluets, iliyokuwa mali ya chama cha wafanyakazi wa vyuma.

Mahali hapo hapakuwa pa bahati tu. Waliofundishwa kwanza walikuwa wake wa wafanyakazi. Na waume waliruhusiwa kuingia, jambo lililokuwa geni katika hospitali za Ufaransa. Mafunzo yalijumuisha elimu ya mwili, kupumua kwa namna mbalimbali, na kazi ya mkono: mwanamke alifundishwa kujipapasa tumbo taratibu kutoka chini kwenda pande zote mbili, na kubonyeza sehemu fulani za mifupa ya nyonga na kiuno kila uchungu unapopanda. Kitendo ambacho wakunga walikitenda kwa mazoea kilipewa sasa sababu ya kisayansi na saa ya darasa.

Njia hiyo ilipata maadui kwa sababu ya asili yake ya Kisovieti. Swali la dini lilijibiwa tarehe 8 Januari 1956, Papa Pius XII alipowahutubia madaktari na kusema kwamba njia yenyewe haina kosa la maadili, wala Maandiko hayamkatazi mwanamke kupunguziwa maumivu. Tamko hilo lilikuwa na uzito katika nchi ambazo hospitali nyingi za uzazi ziliongozwa na watawa, na Kongo ilikuwa mojawapo.

4. Materniti za Kongo

Wakati wanawake wa Paris walipokuwa wakifundishwa kupumua, mwanamke wa Kongo alikuwa akiitwa hospitali kwa sababu nyingine. Tangu mwanzo wa utawala wa Ubelgiji, na hasa katika miaka ya 1920, wakuu wa koloni waliogopa kupungua kwa watu, maana bila watoto wasingepatikana wafanyakazi. Huko Katanga, kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliacha polepole desturi ya kuajiri wanaume kwa miezi michache. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilishika siasa ya kuwakalisha kambini pamoja na wake zao. Uzazi ukawa sehemu ya hesabu ya kampuni. Materniti zilijengwa, watoto wachanga walipimwa uzito kila juma, na akina mama walitiwa moyo kwa posho na kwa zawadi ili wajifungulie huko.

Faida za kazi hiyo hazikatiwi shaka. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi, au ambaye mtoto wake alikaa vibaya tumboni, alipata msaada ambao mkunga hakuweza kumpa. Watoto wengi waliishi. Lakini materniti ilileta pia utaratibu wake. Mzazi alilazwa chali juu ya kitanda, mkao uliokuwa umezoeleka Ulaya kwa kumrahisishia kazi anayezalisha. Mama yake, shangazi yake na mkunga walibaki nje wakipika na kungoja. Ndani alikuwamo mtawa au muuguzi, mwenye wagonjwa wengi wa kuwatazama.

Habari za materniti ya koloni zimechunguzwa kwa undani na mwanahistoria Nancy Rose Hunt katika kitabu chake cha mwaka 1999, kinachohusu hasa misheni ya Kibaptisti ya Yakusu, karibu na Kisangani. Utafiti huo unaonyesha kwamba watu hawakuupokea uzazi wa hospitali wakiwa mikono mitupu. Waliufasiri kwa maneno yao, waliuchagua kwa mambo fulani na kuukwepa kwa mengine. Wauguzi na wakunga wa kikongo waliofunzwa na misheni walisimama katikati, wakitafsiri dunia moja kwa nyingine.

Hata hivyo, katika mafunzo rasmi mkono wa mkunga wa kijijini haukupewa nafasi. Aliorodheshwa pamoja na mambo ya hatari: kucha chafu, dawa za miti zisizopimwa, kukawia kumpeleka mgonjwa hospitali. Mengi katika orodha hiyo yalikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kuutupa ufundi wote pamoja na hatari zake. Kukanda kiuno hakukuhitaji kucha ndefu wala dawa ya miti, lakini kuliondoka pamoja na mwenye kukanda. Na mahali pake hapakuwekwa kitu. Klorofomu na mofini zilikuwa kwa ajili ya upasuaji na kwa ajili ya wachache. Mwanamke wa kambini hakupata dawa ya Freiburg wala darasa la Bluets. Aliambiwa avumilie, na wengi walioamini kwamba mwanamke mweusi haumii hawakuona kwamba kuna jambo lililopungua.

Materniti za kampuni ziliendelea baada ya uhuru wa mwaka 1960, na baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967. Kwa familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuzaliwa katika hospitali ya kampuni lilikuwa jambo la fahari. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, huduma hizo zilidhoofika vibaya, na gharama zikarudi juu ya familia. Lakini utaratibu wa kumweka mzazi peke yake haukuanguka pamoja na kampuni. Ulikuwa umekwisha kuwa desturi ya hospitali, na desturi hudumu kuliko mishahara.

5. Utafiti warudi kwenye mkono

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia iliyobadili elimu ya maumivu. Walieleza kwamba habari za maumivu hazipandi moja kwa moja kutoka mwilini hadi ubongoni. Katika uti wa mgongo kuna mahali panapofanya kazi kama mlango. Habari za mguso na mbonyezo, zinazopita katika neva nene, zaweza kuusogeza mlango huo ufungike kiasi, nayo maumivu hupungua kabla ya kufika juu. Ubongo nao, kwa utulivu au kwa woga wake, huweza kuufunga au kuufungua mlango. Sehemu za nadharia hiyo zimerekebishwa baadaye, lakini kiini chake kinaeleza jambo ambalo kila mtu hulijua anaposugua goti alilojigonga. Kinaeleza pia kwa nini mbonyezo thabiti chini ya mgongo humpa nafuu mwanamke ambaye uchungu wake unaelekea kiunoni.

Melzack mwenyewe alipima baadaye maumivu ya wanawake waliokuwa wakizaa, akayakuta miongoni mwa makali kuliko yote aliyowahi kuyapima. Wale waliofundishwa kujiandaa waliumia kidogo kuliko wengine, lakini waliumia. Mwaka 1984 alitoa hotuba iliyochapishwa, ambayo ndani yake aliita uzazi usio na maumivu ngano. Maneno hayo yalifunga ukurasa uliofunguliwa karne moja kabla. Hakuna taifa lililopewa na maumbile kinga ya uchungu.

Ushahidi juu ya mwenzi wa mzazi ulikuja kutoka Guatemala. Mwaka 1980 Sosa, Kennell, Klaus na wenzao walilinganisha wanawake waliozaa mtoto wa kwanza peke yao, kwa desturi ya hospitali ile, na wengine waliokaliwa karibu na mwanamke asiye na mafunzo yoyote ya tiba. Kazi yake ilikuwa kuwapo, kuzungumza, kushika mikono na kusugua mgongo. Kwa waliozaa bila tatizo, muda kutoka kupokelewa hospitali hadi kujifungua ulikuwa wastani wa saa 19.3 kwa walioachwa peke yao, na saa 8.8 kwa waliokuwa na mwenzi. Vikundi vilivyolinganishwa mwishoni vilikuwa vidogo, wanawake 20 kila upande, na tofauti kubwa kiasi hicho haikuonekana tena katika utafiti wa baadaye. Lakini mwelekeo ulibaki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya habari za wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba wenye kukaliwa karibu mfululizo huzaa kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, huhitaji dawa za maumivu na upasuaji mara chache zaidi, na muda wao wa uchungu hupungua kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilifuata. Mkutano wa Fortaleza, nchini Brazili, mwaka 1985, ulitaka mzazi aruhusiwe kuwa na mtu wake. Mwongozo wa mwaka 1996 juu ya uzazi wa kawaida uliweka kukanda na kujilegeza miongoni mwa mambo yenye faida yanayostahili kutiwa moyo. Miongozo ya mwaka 2018, yenye mapendekezo 56, yarudia jambo hilo: mzazi awe na mwenzi amtakaye, achague mkao wake, na akitaka, akandwe au awekewe vitambaa vya moto. Pale inapowezekana, mwongozo huo huo wampa pia haki ya kupata dawa. Hivyo mkono na dawa havikuwekwa kuwa maadui.

6. Mkono ufaao na mkono udhuruo

Mwanahistoria asingetenda haki kama angehitimisha kwamba kila lililotendwa na wakunga lilikuwa jema. Uthibitisho wa kisayansi wa kukanda wenyewe ni wa kiasi: majaribio mengi ni madogo, na nguvu ya ushahidi ni hafifu kuliko ile ya kuwapo kwa mwenzi. Kukanda hupunguza maumivu hasa wakati njia ya uzazi inapofunguka. Hakuzuii damu, hakugeuzi uzazi uliokwama, wala hakuchukui nafasi ya upasuaji unaohitajiwa.

Zaidi ya hayo, si kila mkono ni wa kutuliza. Kukanda mgongo na kulisukuma tumbo kwa nguvu ili mtoto atoke ni mambo mawili yasiyofanana. La pili limetendwa na wakunga wa vijijini, na limetendwa pia na watumishi wa hospitali katika nchi nyingi. Laweza kupasua mji wa mimba, na miongozo ya mwaka 2018 hailipendekezi. Lugha yaweza kusaidia hapa kama ilivyosaidia mwanzoni. Anayejua tofauti kati ya kukanda, kuchua, kupapasa na kukandamiza tayari anayo nusu ya somo. Mafunzo ya wauguzi yanayotolewa kwa Kifaransa peke yake huyaacha maneno hayo nje ya mlango, pamoja na wanawake wanaoyajua.

Hitimisho

Mwaka 2023 serikali ya Kongo ilianza, kwa kuanzia Kinshasa, mpango wa kuwawezesha wanawake kujifungua bila malipo. Mpango wa namna hiyo huongeza idadi ya wanawake wanaoingia materniti, na kwa hiyo unalifanya kuwa la haraka swali lililokuwapo tangu siku za kambi za migodi: mwanamke akiisha kuingia, anakuta nini? Sindano ya mgongoni ya kuondoa maumivu haipatikani ila katika hospitali chache za miji mikubwa. Kiti kimoja kando ya kitanda, pazia la kumsitiri, na ruhusa ya mama au dada kukaa na kumkanda kiuno vingeweza kupatikana kwa gharama ndogo sana.

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba kinachozuia si ukosefu wa elimu. Elimu hiyo ilikuwapo vijijini, ikapita Edinburgh, Freiburg, Leningrad, Paris na Guatemala, na imerudi ikiwa na muhuri wa Shirika la Afya Duniani. Kinachozuia ni mabaki ya makosa mawili yaliyotajwa mwanzoni. Palipo na muuguzi amwambiaye mzazi anyamaze kwa kuwa bibi zake walizaa bila kelele, hapo Dick-Read anasema bado. Palipo na mlango uliofungwa mbele ya mama mzee aliyekuja kumshika binti yake, hapo materniti ya koloni inafanya kazi bado.

Bibi zetu hawakuzaa bila uchungu. Walizaa wakiwa na mtu nyuma ya mgongo, na hilo ndilo wajukuu wao wanalostahili kurudishiwa.